Kesho Saa Tisa Usiku Dunia Itakuwa Imegeukia Wapi?

Mabibi na mabwana, ndugu wapima ardhi, walimu wa fizikia na jiografia, nanyi wanafunzi mlioketi hapo nyuma,

Naomba tuanze na namba moja. Mahali popote palipo kwenye Ikweta, pawe Nanyuki nchini Kenya au Kayabwe katika barabara ya Kampala kwenda Masaka, husafiri kuelekea mashariki mita 465 kila sekunde. Hatuihisi kasi hiyo kwa sababu milima, maji na hewa vyote vinakwenda pamoja nasi. Sasa igeuzeni namba hiyo. Dunia ikichelewa milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, Nanyuki itakuwa sentimita 46 na nusu nyuma ya pale ambapo saa inasema ingekuwa imefika. Na Dunia huchelewa kweli. Mara nyingine huwahi. Ukiipima kwa saa za atomiki, siku ya leo na ya jana hazilingani urefu.

Kwa hiyo swali letu ni hili: kesho saa sita usiku kwa UTC, majira ya kimataifa yanayoongozwa na saa za atomiki, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku, uso wa Dunia utakuwa umegeukia wapi hasa ukilinganisha na nyota? Na baada ya siku 10? Na baada ya siku 90? Kuna watu ambao kazi yao ni kujibu swali hilo kila siku, na jibu lao linaingia ndani ya simu mlizoshika, ingawa halionekani.

Ninalotaka mwondoke nalo nalisema mapema, nisije nikalisahau katikati ya hesabu. Utabiri huu roho yake ni kipimo cha mwisho: kilikuwa sahihi kiasi gani, na kilifika mezani baada ya saa ngapi. Hesabu nzuri husaidia, tena sana, lakini haiwezi kukirudisha kipimo ambacho hakikufika.

Nani anauhitaji? Chukueni setilaiti za GPS. Zinazunguka kwenye umbali wa kilomita 26,560 kutoka kitovu cha Dunia. Njia zake hukokotolewa kwa kuzingatia nyota, kisha hugeuzwa ziendane na ardhi anayoikanyaga mtumiaji. Kigeuzi ni namba za mwelekeo wa Dunia. Na kwa kuwa njia ya setilaiti hutangazwa kabla setilaiti haijaipita, namba hizo hazina budi kuwa za utabiri. Kosa la milisekunde moja linaligeuza kundi zima la setilaiti kwa karibu mita 2 kule juu. Mpimaji mwenye vipokezi viwili, kimoja kikiwa juu ya alama inayojulikana, hataona kitu, maana kosa lilelile linaingia pande zote mbili na kufutana. Anayetumia kipokezi kimoja peke yake, akitaka jibu papo hapo, ndiye anayesogezwa mashariki au magharibi bila kujua. Na ukienda mbali zaidi mambo yanakuwa makubwa. Chombo kikiwa kilomita milioni 200 kutoka hapa, umbali wa kawaida kabisa kwa Mirihi, milisekunde moja inazaa kosa la kilomita 14 na nusu. Ndiyo maana JPL, maabara ya NASA huko California, ina kichujio chake cha Kalman, yaani hesabu inayosahihisha makadirio kila kipimo kipya kinapofika, cha kufuatilia mwelekeo wa Dunia kwa ajili ya kuongoza vyombo vyake.

Namba zenyewe ni tano. Mbili za kwanza, x na y, zinasema mhimili wa mzunguko unatokeza wapi kwenye ardhi ya ncha ya kaskazini. Ya tatu ni UT1, yaani pembe ambayo Dunia imekwisha kugeuka, nayo huchapishwa kama tofauti kati ya UT1 na saa ya kawaida ya UTC. Mbili za mwisho, dX na dY, ni marekebisho madogo ya mwelekeo wa mhimili angani.

Aliyechezea pia utotoni, ile ya kuzungushwa kwa kamba, ameyaona haya yote. Pia inazunguka kwa kasi, huku mhimili wake ukichora duara la polepole, na juu ya duara hilo kuna mtikisiko mdogo. Duara la mhimili wa Dunia linachukua karibu miaka 26,000, na mtikisiko wake mkubwa unachukua miaka 18.6. Vyote viwili vinatokana na mvuto wa Mwezi na Jua, ambavyo tunajua vitakuwa wapi karne nzima ijayo, kwa hiyo sehemu hiyo haitusumbui sana. Kinachobaki ni mtikisiko wa kiini cha Dunia wa takriban siku 430, wenye ukubwa wa sehemu za kumi za milisekunde ya pembe. Hapa wageni wa fani hii huchanganyikiwa, kwa hiyo tuelewane: nyuzi moja ina sekunde 3,600 za pembe, na milisekunde ya pembe ni elfu moja ya sekunde hiyo. Juu ya uso wa Dunia ni sentimita 3.1. Milisekunde ya saa ni milisekunde 15 za pembe. Ukizichanganya hizi mbili kwenye programu yako, majibu yatakosewa mara 15 na bado yataonekana ya maana.

Tuje kwenye ncha. Hapa kinachohama ni ardhi yenyewe juu ya mhimili. Leonhard Euler alikokotoa katika karne ya 18 kwamba Dunia ngumu kama jiwe ingeyumba kwa mzunguko wa siku 305. Watu wakautafuta zaidi ya miaka mia moja wasiupate. Mwaka 1891 Seth Chandler, Mmarekani, akaonyesha kwamba kuyumba kupo, ila kunachukua kama miezi 14. Leo tunatumia siku 433. Tofauti inatokana na kwamba Dunia haiko kama jiwe: miamba inanyumbulika kidogo na bahari inafuata. Mwaka 1899 vikaanzishwa vituo sita kwenye mstari mmoja wa latitudo, nyuzi 39 na dakika 8 kaskazini, kuanzia Mizusawa nchini Japani hadi Ukiah kule California, ili kupima kuyumba huko usiku hadi usiku.

Kuna kuyumba kwa pili, kwa mwaka mmoja, na chanzo chake kinatugusa. Majira ya baridi hewa nzito hujirundika juu ya Siberia na Asia ya kati. Majira ya joto huondoka. Uzito huo wa hewa unaohama kila mwaka ndio msukumo mkubwa wa kuyumba kwa mwaka. Ni mfumo uleule unaotuletea kaskazi na kusi. Pepo zilizokuwa zikileta majahazi kutoka Oman hadi Lamu, Mombasa na Unguja, kisha kuyarudisha, ni upande wetu wa jambo linaloisogeza ncha ya Dunia kwa mita kadhaa.

Siku 433 na siku 365 zikikutana, huongezana na kupunguzana kwa mzunguko wa takriban miaka 6.4. Miaka mingine ncha huchora duara pana, miaka mingine duara dogo. Zaidi ya hapo, kuyumba kwa Chandler hakuna ukubwa maalumu: baada ya 2015 kulififia hadi kukaribia kutoweka. Mtabiri aliyeiga wastani wa miaka 30 alikuwa anatabiri wimbi ambalo halipo.

Sasa UT1, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Panda ngalawa iliyotulia, usiyoifunga, utembee kutoka tezi kwenda omo. Utaona ngalawa inarudi nyuma kidogo. Ukisimama, nayo inasimama. Dunia na hewa yake ni vivyo hivyo. Pepo za juu zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki zikiongeza kasi, ardhi inapoteza kasi kidogo, na siku inarefuka. Zikilegea, ardhi inarudishiwa. Makabidhiano hufanyika kwa msuguano juu ya ardhi na bahari, na kwa hewa kusukuma milima: Himalaya, Andes, Rocky. Katika mabadiliko ya urefu wa siku yanayochukua kuanzia siku chache hadi mwaka au zaidi kidogo, takriban asilimia 90 ni kazi ya upepo. Mnamo Januari 1983, El Niño ilipokuwa imepamba moto, siku ilirefuka kwa karibu milisekunde moja. El Niño ya 1997 na 1998, ile iliyokata madaraja na barabara zetu, nayo iliacha alama yake kwenye urefu wa siku.

Linganisheni na tetemeko la ardhi, maana kila likitokea kubwa magazeti huandika kwamba siku imebadilika. Tetemeko la Japani la Machi 2011 lilikadiriwa kufupisha siku kwa mikrosekunde 1.8, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Upepo hufanya mara mia kadhaa ya hiyo ndani ya msimu mmoja, kimyakimya. Kwa mtabiri, tetemeko ni dogo mno. Upepo ndio wa kuogopwa.

Baada ya upepo kuna Mwezi. Watu wa pwani wanajua maji hupwa na kujaa. Ardhi ngumu nayo hupwa na kujaa, na kila umbo la Dunia linapobadilika, mzunguko hubadilika. Lakini angalieni tofauti. Bamvua na maji mafu hufuata mwandamo na mpevuko, kwa mzunguko wa siku 14.77. Dunia, katika kuzunguka kwake, hujali zaidi Mwezi uko mbali kiasi gani na Ikweta, na mzunguko huo ni wa siku 13.66. Mwezi ukiwa juu ya Ikweta, unanyanyua uvimbe wa Dunia pale kiunoni, na Dunia inapunguza kasi kama mchezaji anayenyoosha mikono; ukienda mbali kaskazini au kusini, kasi inapanda. Mabadiliko hayo ya siku 13.66 yanaisogeza UT1 karibu milisekunde 0.8 huku na huku, na mengine ya siku 27.55 yanaisogeza kiasi hichohicho. Haya tunayajua mapema. Hutolewa kabla ya kutabiri na kurudishwa mwishoni.

Ndiyo maana siku fupi kabisa huangukia kati ya mwisho wa Juni na Agosti mwanzoni: pepo za juu za nusu ya kaskazini ya Dunia zimelegea, na Mwezi uko mbali na Ikweta. Tarehe 5 Julai 2024 siku ilikuwa fupi kwa milisekunde 1.66 kuliko sekunde 86,400. Mbali zaidi chini kuna kiini cha chuma kilichoyeyuka, kinachobadilishana mwendo na tabaka la juu yake kwa miongo mingi. Hicho hatuna kipimo chake cha moja kwa moja, na ndicho kinachofanya utabiri wa miaka mitano kuwa dhaifu.

Vipimo vinatoka wapi? Kwa ncha, jibu ni setilaiti. Mamia ya vipokezi duniani, kikiwemo cha Malindi na cha Mbarara, vinatuma data, na kwa pamoja vinatoa nafasi ya ncha kwa usahihi wa chini ya milisekunde 0.1 ya pembe, yaani milimita chache. Majibu ya haraka hutolewa kila baada ya saa 6. Lakini setilaiti haziwezi kutoa UT1 peke yake. Ukizigeuza njia zote za setilaiti kwa pembe moja kuuzunguka mhimili, na ukaigeuza Dunia nayo kwa pembe hiyohiyo, vipokezi havitaona tofauti yoyote. Vinajua siku ilikuwa ndefu kiasi gani, lakini havijui Dunia imegeukia wapi.

Kwa hilo tunahitaji kitu kisichosogea angani, nacho ni kwasari: vitovu vya galaksi za mbali mno vinavyotoa mawimbi ya redio. Madishi mawili yaliyo mbali kwa mstari wa mashariki na magharibi huisikiliza kwasari moja kwa wakati mmoja, na tofauti ya muda wa wimbi kufika kwenye kila dishi inasema Dunia imegeuka kiasi gani. Dishi la Kokee Park huko Hawaii na la Wettzell nchini Ujerumani, yaliyo zaidi ya kilomita 10,000 mbalimbali, yamefanya kazi hii kwa muda mrefu: kikao cha saa moja, data inatumwa kwa mtandao, jibu la UT1 linapatikana mapema kwa usahihi wa makumi machache ya mikrosekunde. Vikao virefu vya saa 24, vyenye vituo vingi, hufanyika mara mbili kwa wiki, lakini majibu yake yanaweza kuchukua wiki mbili. Barani Afrika kituo chenye vifaa vyote kwa pamoja, dishi la redio, leza ya kupima umbali wa setilaiti, na vipokezi, ni Hartebeesthoek nchini Afrika Kusini. Ni kimoja kwa bara zima. Hilo ni pengo, na linaumiza matokeo ya kusini mwa Dunia.

Sasa tuingie jikoni. Shirika la kimataifa la huduma hii, IERS, lilianza kazi 1 Januari 1988. Kituo chake cha utabiri kiko Washington, kwenye kituo cha uchunguzi wa anga cha jeshi la majini la Marekani, nacho hutoa Taarifa A (Bulletin A), chapisho la vipimo vya karibuni na utabiri. Kituo cha Paris hutunza mfululizo mrefu wa vipimo vilivyosafishwa, uitwao C04, na ndicho kinachotangaza sekunde za nyongeza, yaani zile zinazoongezwa kwenye UTC ili isiachane mno na UT1.

Kutabiri UT1 kunaanzia kwenye mfululizo wa vipimo vya kila siku. Kwanza unaondoa sekunde za nyongeza ili uwe na UT1 kutoa saa ya atomiki, mstari usio na miruko. Kisha unatoa kupwa na kujaa kwa ardhi kwa kutumia jedwali la vipengele 62, kuanzia siku 5 hadi miaka 18.6. Unachobaki nacho unakigeuza kuwa ziada ya urefu wa siku, yaani mabadiliko kati ya siku na siku. Kumbukeni alama: siku ikirefuka, UT1 inashuka. Aliyesahau alama ya kutoa hapa huona utabiri wake ukikimbilia upande wa pili kama kioo.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kubwa. Unachukua mwendo wa mzunguko wa hewa, wa bahari na wa maji ya nchi kavu, uliokokotolewa kutoka mifano ya kompyuta ya hali ya hewa. Kituo cha utafiti wa Dunia cha GFZ, huko Potsdam nchini Ujerumani, huutoa kila siku pamoja na utabiri wa siku 6 mbele. Unautoa kwenye urefu wa siku uliopimwa. Kinachobaki ni laini zaidi, maana ghasia za upepo zimeondoka. Juu ya mabaki hayo unaweka mstari, wimbi la mwaka na la nusu mwaka, kwa njia ya kupunguza jumla ya miraba ya makosa. Yanayosalia bado unayaeleza kwa otoregresheni, ambapo thamani ya leo ni mchanganyiko wa siku zilizotangulia. Unavisogeza vyote mbele, unaongeza upepo uliotabiriwa, na baada ya siku ya 6 unaendelea na takwimu tupu. Mwisho unajumlisha urefu wa siku, siku baada ya siku, kuanzia UT1 ya mwisho iliyopimwa, na kuvirudisha vile vipengele 62.

Tazameni huo ujumlishaji kwa karibu. Urefu wa siku ukikosewa milisekunde 0.1 tu, na kosa likaendelea hivyo siku 10, UT1 imekosewa milisekunde nzima: sentimita 46 pale Nanyuki. Na kama UT1 ya kuanzia ilikuwa tayari na kosa la milisekunde 0.2 kwa sababu dishi moja lilikuwa kwenye matengenezo, kosa hilo linabebwa hadi siku ya mwisho bila kupungua hata kidogo. Kipimo kikichelewa siku tatu, siku yako ya kwanza ya utabiri ni siku ya nne kwa kweli.

Kwa ncha utaratibu unafanana, ila huwezi kulinganisha nafasi ya ncha na upepo moja kwa moja. Ncha hujibu msukumo polepole, kama bembea. Kwa hiyo unaigeuza nafasi kuwa msukumo: nafasi yenyewe, pamoja na kasi yake ikizidishwa na siku 433 na kugawanywa kwa mara mbili ya pai, kwa namba changamano. Unatabiri msukumo, kisha unarudi. Hapa kingo za mfululizo wa data ni hatari. Ukilainisha data kwa kichujio kinachohitaji siku kabla na baada, siku za mwisho hazina "baada", na kichujio kinabuni. Mkunjo mdogo uliobuniwa pale unageuka kasi ya uongo, na ncha inatupwa nje tangu siku ya kwanza. Afadhali data yenye mikwaruzo kidogo kuliko data laini iliyodanganya ukingoni.

Wengi huuliza, njia ipi ni bora? Kulifanyika shindano la kimataifa la kulinganisha utabiri kuanzia Oktoba 2005 hadi Machi 2008, na la pili kuanzia Septemba 2021 hadi Desemba 2022. La kwanza lilionyesha kwamba hakuna njia moja iliyoshinda kwa namba zote na kwa muda wote. Iliyo nzuri kwa siku 5 inaweza kushindwa kwa siku 60. Maoni yetu ni kwamba anayeanza atumie miraba pamoja na otoregresheni, aongeze upepo akishaielewa, na asikimbilie mitandao ya neva ya kompyuta kabla hajaweza kuishinda njia hiyo rahisi kwa vipimo vya mwaka mzima.

Je, kosa ni kubwa kiasi gani? Taarifa A yenyewe huchapisha kanuni ya makadirio. Kwa UT1, sekunde 0.00025 mara idadi ya siku kwa kipeo cha 0.75. Siku ya 10 inakupa milisekunde 1.4, sawa na sentimita 65 kwenye Ikweta. Siku ya 40 inakupa milisekunde 4, karibu mita 1.9. Kwa ncha, sekunde za pembe 0.00068 mara siku kwa kipeo cha 0.80: siku ya 10 ni kama sentimita 13, siku ya 40 kama sentimita 40. Siku ya kwanza yenye kipimo kipya na upepo mzuri hali ni nzuri zaidi ya kanuni hiyo.

Makosa yanayotokea mara kwa mara ni ya kizembe kuliko ya kisayansi, na ndiyo yanayouma. Mhimili wa y wa ncha huelekea nyuzi 90 magharibi, wakati wapimaji tumezoea mashariki kuwa chanya. Sekunde ya nyongeza ikiachwa ndani ya data, mstari unaruka sekunde nzima na otoregresheni inaona tufani. Mawimbi ya ndani ya siku moja, yanayoletwa na kupwa na kujaa kwa bahari, hayamo kwenye namba za saa sita usiku. Kama unazihitaji saa nane mchana, kadiria kwanza kati ya siku mbili, kisha uyaongeze mwenyewe. Tena usichanganye data ya upepo ya matoleo mawili ya mfano mmoja: siku mfano unapobadilishwa kuna ngazi, na programu itadhani Dunia ndiyo iliyopanda ngazi.

Mkitaka kuanza, faili liitwalo finals2000A.daily liko wazi kwa kila mtu. Lina siku 90 zilizopita na 90 zijazo, mstari mmoja kwa siku. Herufi sita za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe. Kuanzia nafasi ya 8 ni namba ya siku katika hesabu mfululizo ya wanaastronomia, iitwayo MJD: 1 Januari 2025 imeandikwa 60676.00. Nafasi ya 17 kuna herufi moja, I au P. I ni kipimo, P ni utabiri. Kuanzia nafasi ya 19 ni x, kuanzia ya 38 ni y. Kisha nafasi ya 58 kuna herufi nyingine ya I au P, na hii ni ya UT1, inayoanza nafasi ya 59. Herufi hizo mbili hazibadiliki lazima siku moja. Mtu husoma ile ya kwanza, akaona I, akadhani mstari wote umepimwa, kumbe UT1 yake ni ya kutabiriwa. Zisomeni zote mbili.

Kabla sijashuka, sekunde za nyongeza. Tangu 1972 zimeongezwa 27, ya mwisho 31 Desemba 2016, na saa ya atomiki iko mbele ya UTC kwa sekunde 37. Kwa kuwa Dunia imeongeza kasi, haijahitajika nyingine tangu hapo. Mkutano mkuu wa vipimo wa Novemba 2022 uliamua kwamba kufikia 2035 tofauti inayoruhusiwa kati ya UT1 na UTC ipanuliwe. Watunza saa wa kompyuta wamefurahi, na wana haki. Lakini programu nyingi za antena na darubini zimeandikwa zikidhani UT1 na UTC hazitaachana zaidi ya sekunde 0.9, na nyingine huchukulia kuwa ni sawa. Zikaguliwe sasa, wakati tofauti bado ni ndogo na kosa halijajificha ndani ya mitambo inayofanya kazi.

Na kwa wanafunzi, zoezi la wiki hii. Lile faili huandikwa upya kila siku, na utabiri wa jana hufutwa pale kipimo kinapofika. Kwa hiyo lihifadhini leo, mlipe jina lenye tarehe. Rudieni siku saba mfululizo. Siku ya nane mchukue faili jipya, mtafute mistari ambayo P yake imegeuka I kwenye nafasi ya 58, mtoe namba mpya kwenye zile mlizohifadhi, na mzidishe kila tofauti kwa mita 465. Mje na majibu kwa mita.